Barua ya wazi kwa Bodi: Ulinzi wa taarifa za wateja usigeuzwe upekuzi wa wafanyakazi

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Makao Makuu,
Tabora.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Meneja Rasilimali Watu, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UFUATILIAJI WA WAFANYAKAZI KWA JINA LA SERA YA USALAMA WA TAARIFA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi ni maafisa mikopo, makeshia, wahasibu na mafundi wa TEHAMA wa makao makuu na matawi ya Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua na Sikonge, katika taasisi inayotunza akiba na kutoa mikopo. Malalamiko haya tuliyapeleka kwanza kwa mameneja wa matawi, kisha kwa maandishi kwa Rasilimali Watu, kisha tukaomba nafasi katika kikao cha menejimenti. Jibu lililorudi ni lile lile: sera mliisaini. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Jina la taasisi tumeliacha makusudi, kwa sababu hatutaki mkulima wa tumbaku aliyeko Ulyankulu apande gari kuja kutoa akiba yake kwa hofu. Wahusika mnajijua.

Hatupingi ulinzi. Mikopo hewa ipo katika sekta yetu. Akaunti zilizolala huamshwa kinyemela, namba ya simu ya mteja hubadilishwa jioni na fedha zikatolewa usiku, na mara nyingi mkono wa mtu wa ndani umo. Sera ya usalama ni lazima iwepo, na ni lazima mtu aangalie kama inafuatwa. Tunachopinga ni kwamba taasisi inakusanya habari za wafanyakazi wake kwa njia ambazo sera hiyo hiyo ingeziita kosa la kinidhamu kama zingefanywa na sisi. Hoja zetu ni hizi.

1. Programu inayopiga picha skrini na kurekodi vibonyezo

Kompyuta zetu zimewekewa programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika 5 na kurekodi kila kitufe kinachobonyezwa kwenye kibodi. Hapakutolewa tangazo. Mafundi waliikuta kwenye orodha ya programu zinazoendelea kufanya kazi, ikiwa na jina lisiloeleza chochote.

Tunaomba Bodi ifanye hesabu. Kompyuta moja kwa saa 8 za kazi inatoa picha 96. Kompyuta 40 zinatoa picha 3,840 kwa siku, na kwa mwezi wenye siku 22 za kazi ni picha 84,480. Kwa mwaka zinavuka milioni moja. Ndani ya picha hizo mna nini? Skrini ya afisa mikopo inaonyesha jina la mteja, namba yake ya NIDA, simu yake, dhamana aliyoweka, salio lake na marejesho aliyochelewesha. Ndani ya mfumo mkuu, yaani ule unaotunza akaunti na mikopo ya wateja, taarifa hizo zina ulinzi: afisa wa Urambo hamwoni mteja wa Igunga, na kila anayefungua faili la mteja anaacha alama yake. Folda ya picha haina ulinzi huo. Anayeifungua anaona wateja wa matawi yote, na hakuna kumbukumbu inayosema aliangalia nini. Chombo kilichonunuliwa kuzuia taarifa zisivuje kimetengeneza nakala ya pili ya taarifa zote, na nakala hiyo haina kufuli hata moja kati ya zile zilizo kwenye ya kwanza.

Vibonyezo ni jambo zito zaidi. Kinasa vibonyezo hakijui kwamba hapa mtu anaandika barua ya kazi, hapa anaingiza nywila, hapa anamjibu mkewe kuhusu mtoto anayeumwa. Kinachukua vyote. Sera inasema nywila haipewi mtu yeyote, hata fundi wa TEHAMA. Leo nywila za taasisi nzima zimekaa mahali pamoja kwa maandishi yanayosomeka, nasi tumezitoa bila kujua.

Matokeo yake yanaiumiza taasisi kuliko yanavyotuumiza sisi. Mkopo ukiidhinishwa saa 2 usiku kwa akaunti ya meneja wa tawi, ni nani ameuidhinisha? Zamani jibu lilikuwa jepesi, ni yeye, kwa kuwa ndiye pekee aliyeijua nywila yake. Sasa wapo wengine wanaoweza kuisoma. Wakili yeyote atalileta swali hilo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na taasisi haitakuwa na la kujibu. Mwizi wa kweli amepewa utetezi ambao hakuwa nao, na mtu msafi ameondolewa kinga aliyokuwa nayo.

Kuna na mzigo wa mtandao. Picha moja ikiwa na kilobaiti 200 tu, zile 84,480 za mwezi ni karibu gigabaiti 17 za kupandisha kwenye seva. Katika matawi yanayotegemea modemu, picha zinapoanza kupanda mfumo mkuu unaganda. Afisa anaandika marejesho kwenye daftari ili mkulima asikeshe benchi, anayaingiza jioni, na daftari hilo linahesabiwa kuwa ni ukiukaji wa sera.

2. Simu zetu binafsi

Taasisi haijawanunulia simu maafisa wa mashambani. Hata hivyo programu ya kupokea marejesho inafanya kazi kwenye simu, na simu hiyo lazima isajiliwe katika mfumo wa usimamizi wa vifaa. Usajili uliofanyika umeweka simu nzima chini ya msimamizi: anaona orodha ya programu zote, anaona simu ilipo saa 24, na anaweza kuifuta yote akiwa mbali.

Orodha ya programu peke yake inatosha kumvua mtu nguo. Inaonyesha anayetumia programu ya nyakati za swala na mwenye Biblia, anayekumbushwa dawa kila saa 2 asubuhi, anayehesabu siku zake za hedhi, aliyekopa mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka imani ya dini, afya na miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Mahali simu ilipo saa 8 usiku ni mahali mtu alipolala, na hilo halina uhusiano wowote na marejesho ya mkopo wa pembejeo. Ikitolewa amri ya kufuta, fedha za kwenye laini hazipotei, lakini picha za familia, namba za watu na ujumbe wa miaka vinakwenda vyote.

Njia ya kulinda taarifa za taasisi bila kuingia maisha ya mtu ipo, na haihitaji kununua kitu. Simu za Android, tangu toleo la 5 lililotoka 2014, zinaruhusu wasifu wa kazi: programu za ofisi zinakaa upande wake, zenye kufuli yake, na msimamizi anauona na kuufuta upande huo tu. Kinachotakiwa ni kuiondoa simu kwenye usajili wa sasa na kuisajili upya kwa kuchagua wasifu wa kazi. Kama menejimenti inataka uthibitisho kwamba afisa alifika shambani, programu ya marejesho inaweza kunasa mahali alipo pale anapobonyeza kwamba amefika, basi. Haina haja ya kumfuata hadi nyumbani.

3. Mitego ya barua pepe

Kupima kama wafanyakazi wanatambua barua pepe za ulaghai ni jambo zuri. Lakini katika barua pepe ya majaribio tuliyotumiwa, chambo kilikuwa tangazo la malimbikizo ya mshahara, na walionaswa majina yao yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika kikao cha Jumatatu.

Kampuni ya GoDaddy ya Marekani ilifanya jaribio la namna hiyo Desemba 2020. Iliwaahidi wafanyakazi bonasi ya dola 650 ya sikukuu, wapatao 500 wakanaswa, na baada ya malalamiko kampuni iliomba radhi. Na tukiacha utu kando, je, mitego hii inafundisha? Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kwa miezi 15. Yale mafunzo yanayomtokea mtu kwenye skrini mara tu baada ya kubonyeza kiungo hayakuwafanya wawe wagumu kunaswa. Yalielekea hata kuwafanya wanaswe kwa urahisi zaidi. Kilichofanya kazi ni kitufe cha kuripoti: wafanyakazi wenyewe, wakiwa wengi, waligundua barua mpya za ulaghai mapema.

Kwa hiyo kipimo chenye maana ni dakika zinazopita tangu barua ya ulaghai iingie hadi mtu wa kwanza aripoti. Ubao wa majina unaua kipimo hicho. Aliyebonyeza kiungo cha mwizi saa 4 asubuhi atanyamaza hadi kesho yake, na saa hizo ndizo ambazo nywila ingebadilishwa na akaunti ingefungwa kabla fedha hazijatoka.

4. Alama za uzingatiaji

Kila mfanyakazi anapewa alama kati ya 100, zinazokokotolewa na mfumo. Anapunguziwa kwa nywila iliyochelewa kubadilishwa, kompyuta iliyoachwa wazi, flashi iliyochomekwa, faili la kazi lililopita WhatsApp. Alama hizo sasa zinatumika kuamua nani aongezewe mkataba.

Alama inataja mtu. Haitaji sababu, na hapa ndipo taasisi inapojinyima faida yote ya ufuatiliaji wake. Chukueni nywila. Sera inadai ibadilishwe kila baada ya siku 30. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, iliandika katika mwongozo wake wa 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, bali pale panapokuwa na ushahidi kwamba imevuja. Sababu inafahamika kwa kila fundi: anayelazimishwa kila mwezi anatumia neno lile lile na kuongeza tarakimu mwishoni, au analiandika kwenye karatasi chini ya kibodi.

Chukueni kupeana nywila, kosa linaloongoza kwenye orodha. Matawi madogo yana msimamizi mmoja tu mwenye haki ya kuidhinisha. Akienda mafunzo Dodoma au akiuguliwa, idhini zote zinasimama. Ikiwa ni Novemba na mvua zimeanza, mkulima anayesubiri mkopo wa mbolea hawezi kungoja wiki. Msimamizi anaacha nywila. Ni kosa, hatulitetei. Lakini dawa yake ni haki ya muda ya kuidhinisha: makao makuu yampe kaimu ruhusa yenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, ikijifunga yenyewe siku bosi anaporudi. Mfumo mkuu tulionao una uwezo huo, haujawahi kuwashwa. Na faili zinapita WhatsApp kwa sababu barua pepe ya ofisi inakataa viambatisho vinavyozidi megabaiti 5, wakati maombi ya mkopo yenye picha za shamba na hati yanazidi hapo karibu kila mara. Wafanyakazi 20 wakikosea jambo moja kwa namna moja, kosa limo kwenye utaratibu. Kuwakata alama wote 20 hakutaurekebisha.

Zaidi ya hayo, mameneja waandamizi hawapewi alama hizi. Kanuni za Utendaji Bora katika ajira za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinataka kanuni inayomwachisha mtu kazi iwe ya haki, iwe wazi, awe anaijua au alipaswa kuijua, na itumike kwa wote sawasawa. Sheria ya 2022 nayo inampa mhusika haki dhidi ya uamuzi mzito unaotolewa na mashine peke yake.

5. Waangalizi hawaangaliwi

Mfumo wa ufuatiliaji unafunguliwa kwa akaunti moja ya msimamizi inayotumiwa na watu kadhaa kwa nywila moja. Hakuna kumbukumbu ya nani alitazama skrini ya nani. Hakuna muda uliowekwa wa kufuta. Hatujaambiwa seva iko wapi. Kama iko nje ya nchi, sheria ina masharti yake juu ya kusafirisha taarifa binafsi, na tunaomba kuona jinsi yalivyotimizwa. Mfanyakazi wa kawaida angekatwa alama kwa kila sentensi ya aya hii.

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa sababu tumeyasikia.

Kwamba tulisaini. Karatasi tuliyosaini inataja "ufuatiliaji wa mifumo". Haitaji vibonyezo, picha za skrini wala mahali simu ilipo. Sheria yetu inataka anayekusanya taarifa amweleze mhusika, kabla ya kuzikusanya, anazikusanya kwa lengo gani. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania, ilimpa ushindi mfanyakazi aliyefukuzwa baada ya mwajiri kusoma mawasiliano yake. Sera ya kazini ilikuwepo na ilikataza matumizi binafsi. Kasoro ilikuwa kwamba mahakama za nchini mwake hazikuangalia kama aliambiwa mapema juu ya aina na ukubwa wa ufuatiliaji, wala kama palikuwa na njia nyepesi zaidi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila maswali yake ndiyo hayo tunayoiuliza Bodi. Na saini ya mtu anayeambiwa asaini au aondoke haiwezi kuitwa hiari.

Kwamba vifaa ni mali ya taasisi. Kompyuta ndiyo, simu siyo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake na mawasiliano yake binafsi, na hatuoni ndani yake neno linalosema hifadhi hiyo inaachwa getini kwa mlinzi.

Kwamba wasimamizi wa sekta wanautaka ufuatiliaji huu. Tuonyesheni kifungu kinachodai kurekodi vibonyezo. Kumbukumbu za miamala, yaani nani, lini, akaunti ipi, kiasi gani, zipo kwenye mfumo mkuu tangu mwanzo, na hatujawahi kuzilalamikia.

Kwamba asiye na kosa haogopi. Asiye na kosa ndiye mwenye sababu kubwa ya kuogopa, kwa maelezo tuliyotoa katika hoja ya kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba ndani ya siku 30 yafanyike yafuatayo.

Kurekodi vibonyezo kuzimwe mara moja, na utaratibu ufuatwe bila kupinduliwa: kwanza kinasa kizimwe na kuondolewa kwenye kila kompyuta, kisha mafaili yake yafutwe pamoja na nakala za akiba, ndipo kila mtu abadilishe nywila. Tukibadilisha kabla, tutakuwa tunaandika nywila mpya ndani ya kinasa kile kile. Kama lipo shauri la nidhamu linaloendelea, sehemu inayolihusu pekee ihifadhiwe kwa mkaguzi wa ndani.

Picha za skrini zisipigwe kwa wote. Pakiwa na tuhuma, ziruhusiwe kwa maandishi kwa mtu anayetajwa, kwa siku zisizozidi 14, kwa saini ya mkaguzi wa ndani na ya afisa ulinzi wa taarifa binafsi, ambaye taasisi inatakiwa kuwa naye kisheria. Shauri likiisha, zifutwe na mhusika ajulishwe.

Nguvu iliyookolewa ielekezwe pale wizi unapopita. Mfumo mkuu uwekewe tahadhari kwa mambo haya: namba ya simu ya mteja ikibadilishwa na fedha zikatolewa ndani ya saa 24, akaunti iliyolala ikiamshwa na kutolewa fedha siku hiyo hiyo, mikopo miwili au zaidi yenye namba moja ya simu, muamala kufutwa baada ya saa za kazi, mtu mmoja kuingiza na kuidhinisha, afisa kufungua akaunti nyingi zisizo za kwake. Tahadhari hizo zifike kwa mkaguzi wa ndani, siyo kwa meneja wa tawi husika. Hakuna hata moja inayohitaji kujua mtu ana programu gani kwenye simu yake.

Simu zihamishiwe kwenye wasifu wa kazi au taasisi inunue zake. Ubao wa majina uondolewe, na chambo cha mshahara, ugonjwa au msiba kipigwe marufuku. Alama zisiguse mikataba. Zitolewe kwa tawi na kwa aina ya kosa, zikiambatana na sababu na hatua ya menejimenti. Kila mwangalizi awe na akaunti yake, na kumbukumbu za alichokitazama zipelekwe kwa mkaguzi wa ndani mahali ambapo TEHAMA hawawezi kuzifuta. Bodi ipewe taarifa yake kila robo mwaka.

Mwisho, tunaomba kuonyeshwa cheti cha usajili wa taasisi katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kila mfanyakazi anayeomba apewe nakala ya taarifa zake zilizokusanywa, kama sheria inavyomruhusu.

Hatutagoma, na hakuna nyaraka ya mteja itakayotoka mikononi mwetu. Siku 30 zikipita bila jibu la maandishi, tutawasilisha malalamiko kwa Tume hiyo, na wale ambao mikataba yao haikuongezwa kwa sababu ya alama watakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tuko tayari kukutana na Bodi siku yoyote itakayopangwa. Kazi ya kusajili upya simu, mafundi waliosaini barua hii watapita tawi kwa tawi kuifanya siku za Jumamosi, bila posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wafanyakazi wa makao makuu na matawi,
Tabora.